Nilivyofanikiwa kufundisha umeme tuli pwani, katikati ya masika

Nafundisha fizikia kidato cha pili huku Tanga, shule ya kata, upepo wa bahari unaingia darasani mchana kutwa. Mwaka wangu wa kwanza umeme tuli, yaani ule wa chaji iliyotulia juu ya kitu, niliufundisha kwa chaki tu. Watoto wakakariri kwa Kiingereza kwamba chaji zinazofanana zinasukumana na zisizofanana zinavutana, ila ukimuuliza mtu kwa Kiswahili kwa nini kalamu uliyoisugua kwenye nywele inavuta kipande cha karatasi ambacho hakina chaji, kimya darasa zima. Iliniuma.

Mwaka uliofuata nikasema safari hii lazima waone kwa macho, nikatengeneza mwenyewe elektroskopu, kifaa cha kuonyesha chaji: ukikisogezea kitu chenye chaji, foili zake mbili zinaachana. Chupa ya jam yenye mfuniko wa plastiki, nikatoboa katikati nikapitisha waya mnene wa shaba, tundu nikaliziba kwa nta ya mshumaa maana nta haipitishi umeme, juu nikaukunja waya uwe kama kidonge, na chini ndani ya chupa nikaning'iniza vipande viwili vya foili nyembamba ya chokoleti, vimelala pamoja kama kurasa mbili za daftari. Fimbo yangu ilikuwa kipande cha bomba la plastiki la fundi bomba, cha kusugua kwenye sweta kuukuu la sufu.

Nasugua, nasogeza, foili hazitikisiki. Nikabadilisha foili, nikabadilisha bomba, siku tatu nahangaika na somo limefika. Ilikuwa Aprili, mvua kila siku, na jibu lilikuwa hapohapo kwenye hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kila kitu kinavaa utando mwembamba wa maji usiouona, ongeza chumvi ya bahari na jasho la mikono, basi utando ule unakuwa njia. Bomba lenyewe ni kihami kizuri tu, yaani halipitishi umeme, ila ngozi yake imelowa na chaji inatembea juu yake mpaka mkononi mwako, inaishia ardhini, hata hujamaliza kusugua.

Nikaenda kantini kuomba jiko la mkaa. Bomba, sweta na chupa nikavioshea maji baridi bila sabuni, nikavianika jirani na jiko mpaka vikawa vikavu kabisa, halafu nikavipeleka mbali na moto. Hilo la mbali ni muhimu, moto unatengeneza ayoni, chembe zenye chaji, hewani na zinaifuta chaji, jaribu kupitisha mshumaa uone foili zinavyoanguka. Nikasugua bomba mara kumi hivi, nikasogeza kwenye kidonge bila kugusa, foili zikaachana. Taratibu, kama mtu anafumbua macho. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Hapo ndio maswali ya kweli yakaanza. Binti mmoja akauliza, madam, hiyo chaji umeitengeneza wewe? Nikafurahi sana maana karibu wote wanaamini msuguano unazalisha chaji, wakati hakuna kinachozalishwa, elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zimehama tu kutoka kwenye sweta kwenda kwenye bomba. Nikagusisha bomba kwenye kidonge mpaka foili zikabaki wazi zenyewe, halafu nikachukua kipande cha lile sweta nilichokifunga kwenye ncha ya rula ya plastiki ili mkono usinyonye chaji, nikakisogeza, foili zikasinyaa. Bomba limepata, sweta limepoteza, kiasi kilekile. Na ni nyingi mno hizo elektroni, moja ina koulombu (kipimo cha chaji) 1.6 × 10⁻¹⁹ tu, kwa hiyo hata nanokoulombu 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya koulombu, ni elektroni zaidi ya bilioni 6.

Mwingine akauliza kwa nini zinazohama ndio zimeitwa hasi. Benjamin Franklin ndiye aliyeleta majina ya chanya na hasi karne ya 18, na elektroni ilikuja kugundulika mwaka 1897, majina yalishazoeleka.

Kipande kilichotutesa zaidi ni kuchaji bila kugusisha bomba. Unasogeza bomba, foili zinaachana, unagusa kidonge kwa kidole, zinaanguka, sasa unatoa kidole KWANZA halafu bomba, zinaachana tena na safari hii zina chaji chanya. Nusu ya darasa walikuwa wanatoa bomba kwanza na wanapata sifuri. Nikawaambia fikirieni elektroni zenyewe: bomba linazifukuza, zinapitia kidoleni kwenda ardhini, ukiondoa bomba wakati kidole bado kipo mlango uko wazi na aliyezifukuza kaondoka, zinarudi zote. Funga mlango kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyekosea, na lile swali la karatasi wakalijibu wenyewe: bomba linasukuma elektroni za karatasi zikae upande wa mbali kidogo, upande wa karibu unabaki na uchanya, na upande wa karibu unavutwa kwa nguvu kuliko wa mbali unavyosukumwa.

Siku hizi mada ikiangukia masika nawahi na jiko saa moja asubuhi. Julai, kipupwe, silihitaji, juzi tuliacha foili zimeachana tukaenda kunywa chai, tuliporudi zilikuwa bado wazi na yule binti akawa wa kwanza kukimbilia kuziangalia.