Kabla ya kuweka 20W-50 kwenye Toyota iliyotembea sana

Peleka Probox, IST au Raum iliyovuka kilomita 200,000 gereji, na mara nyingi utashauriwa kuweka oili nzito, 20W-50, "maana injini imechoka". Kwa injini za enzi za kabureta ushauri huo una mantiki. Kwa 1NZ-FE, ile ya sisi (cc) 1500 yenye VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, mara nyingi unaongeza tatizo jipya huku la zamani likibaki palepale.

Namba ya mwisho kwenye galoni ni uzito wa oili ikiwa ya moto, nyuzi 100. Kwa kipimo cha SAE, 30 ni kuanzia sentistoki (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) 9.3 hadi chini ya 12.5, 40 inaishia chini ya 16.3, na 50 inaishia chini ya 21.9. Namba iliyotangulia W ni ya baridi: 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna asubuhi ya Dar es Salaam wala Mombasa inayofika huko, ndiyo maana watu husema W haina kazi Pwani. Ina kazi. Kwenye nyuzi 40 tu, 5W-30 nyingi huwa na sentistoki 60 hadi 70, wakati 20W-50 huwa na 150 hadi 180. Injini iliyolala usiku kucha ni ya baridi kuliko hapo, kwa hiyo dakika za kwanza inazungusha oili nzito zaidi ya maradufu.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya na geji. Oili nzito inapandisha presha, lakini presha si sawa na oili kufika inakotakiwa. Presha ikizidi, valvu ya kuipunguza hufunguka, na sehemu ya oili huzunguka na kurudi bila kupanda kwenye kemshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu. VVT-i nayo hugeuza kemshafti kwa nguvu ya oili inayopita kwenye valvu ndogo yenye chujio jembamba. Oili ikiwa nzito au chafu, mfumo unachelewa kuitikia: gari linakuwa zito kuondoka, na mashine ya kusoma kodi za hitilafu inaweza kuonyesha P1349, ya hitilafu ya VVT-i. Kikaza cheni ya taimingi pia kinasukumwa na oili, kwa hiyo oili ikichelewa, cheni italia ukiwasha asubuhi.

Kwanza jua kama injini inakula oili kweli, na inakula kiasi gani. Egesha sehemu tambarare, injini ikiwa ya moto, zima, subiri dakika tano, jaza hadi alama ya juu ya dipstiki, kisha andika kilomita. Zikifika 1,000, rudia vilevile na ujaze kwa chupa yenye vipimo. Vitabu vya Toyota huvumilia hadi lita moja kwa kilomita 1,000, lakini hicho ni kikomo cha mtengenezaji na si hali ya kuridhika nayo. Ikifika nusu lita, tafuta chanzo.

Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha tu kisha ukapotea mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi. Kabla ya yote mawili chomoa valvu ya PCV, inayopitisha hewa chafu ya ndani ya injini, na uitikise: isipogonga ndani, imeziba, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Ringi za oili zikikwama kwa masizi, kama ilivyosumbua 1ZZ-FE za mwanzo, hakuna uzito wa oili utakaozikwamua. Kuvuja kwenye gasketi ya tapeti kava au sili ya krenki ni hivyo hivyo, badilisha kilichochakaa.

Kama injini haili oili na taa ya oili haiwaki, baki na 5W-30, hata kama ina kilomita 300,000. Ikila, au taa ya oili ikiwaka na kuzima kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) baada ya safari ndefu ya joto, funga geji ya mkono mahali pa swichi ya presha ili ujue ukweli. Swichi yenyewe huharibika. Presha ikiwa imeshuka kidogo, panda hatua moja: 5W-40 au 10W-40, yenye daraja la ubora la API SL au jipya zaidi. Hapo ndipo ningesimama kwa 1NZ-FE. 20W-50 waachie 7K na injini za zamani zisizo na VVT-i, na SAE 40 isiyo na W usiiweke kabisa.

Ukibadilisha pamoja na filta, 1NZ-FE inachukua lita 3.7. Fungua plagi ya kumwagia oili kwa spana 14, weka washa mpya, kaza kwa Nm 38 hivi, kwa sababu kukaza kupita kiasi kunachubua nyuzi za sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mimina lita 3.4, washa injini ili filta ijae, zima, subiri, kisha ongeza kidogo kidogo. Usivuke alama ya juu, krenki itapiga oili hadi itoe povu.

Kama gari limezoea 20W-50 kwa miaka, shuka kwanza hadi 10W-40 na uibadilishe baada ya kilomita 3,000 pamoja na filta. Usimwage dawa ya kusafisha injini ndani: uchafu ulioganda ukibanduka kwa mkupuo unakwenda kuziba chujio la kunyonya oili ndani ya sampu. Ikitokea taa nyekundu ya oili ikawaka na kubaki njiani, zima injini hapo hapo na umwite wa kukuvuta.