Koti kwenye kiti

Jana nilienda kufuatilia cheti cha kifo cha baba, nimejiandaa kabisa kuambiwa "njoo kesho". Mtumishi wa serikali wa kwenye masimulizi tunamjua wote: koti linaning'inia kitini, mwenyewe kaenda chai. Na si kwetu tu. Wafaransa tangu karne ya 19 wanambandika jina la ule mto wa ngozi anaoukalia kutwa, na India wanamwita "babu", bila heshima yoyote ndani yake.

Dirishani nilimkuta dada mmoja, daftari lake kubwa limechanika mgongo, kidole kina wino.

"Pole na msiba, kaka."

Jina la baba lilikosewa herufi moja. Angeweza kunirudisha. Akapekua majalada mpaka saa nane na nusu, chai yake imepoa pembeni, imeshika utando.

Wanaotuzungusha wapo. Nami nimewahi kuzungushwa miezi mitatu kwa muhuri mmoja, iliniuma sana. Lakini huyu dada hayumo kwenye hadithi tunazosimuliana, na hilo nalo linaniuma.

Nyumbani mama alilisoma jina mara mbili, kisha akakiweka cheti sandukuni, chini ya kanga zake.