Namba moja ya mama

Leo ni Ijumaa, na swali la mjomba aliliuliza Jumapili. Nimelala nalo siku tano. Wiki hii kidato cha nne wamemaliza mtihani, mvua imeanza kweli kweli, na dada Neema amejifungua mtoto wa kiume kule Mafinga, mama na mtoto wazima, picha mmeshaziona. Ya Neema nitayaandika akishatoka arobaini. Kwa sasa kila nikishika kalamu nyekundu nasikia maharage yakidondoka kwenye kopo.

Tulipita kwa mjomba, mtaa wa Kihesa hapa Iringa, baada ya misa, mimi na mwanangu Dani. Tukamkuta kibarazani, ungo magotini, anachambua maharage ya mbegu. Mnajua tangu afiwe na mkewe kazi hiyo anaifanya mwenyewe na hataki kusaidiwa. Anaokota punje moja, anaigeuza kwa dole gumba, anaitazama tumbo na mgongo. Iliyotobolewa anawarushia kuku. Nzima inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, tii. Halafu nyingine. Hana haraka hata kidogo.

Dani alikuwa na ile orodha yake kwenye simu. Tangu amalize kidato cha sita, huku akisubiri chuo, ameamua kusikiliza nyimbo zote 500 ambazo jarida la Rolling Stone la Marekani lilizitaja kuwa bora kuliko zote. Anaanzia mwisho kwenda mwanzo, lakini ameshachungulia za juu. Mimi nikajikuta namweleza mjomba jinsi orodha ilivyotengenezwa, kwa sababu hesabu yake ilinivutia. Mwaka 2004 waliulizwa watu 172, na namba moja ikawa "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan. Mwaka 2021 wakauliza upya, safari hii wanamuziki, watayarishaji na waandishi zaidi ya 250, kila mmoja ataje nyimbo zake hamsini. Namba moja ikawa "Respect" ya Aretha Franklin, ambayo mara ya kwanza ilikuwa ya tano. Dylan akashuka hadi wa nne. Na Aretha hakurudi studio kuuimba upya, sauti ni ile ile ya 1967. Waliobadilika ni walioulizwa.

Niliongea sana. Naona sasa kwamba niliongea kama niko mbele ya darasa. Mwisho nikamwuliza:

"Na wewe mjomba, namba moja yako ungeweka upi?"

"Namba moja ya nani?"

"Yako wewe."

Akaokota punje, akaigeuza. "Ya mama yako ni upi?"

Nikanyamaza. Akaitupa ile punje kwa kuku.

"Za Wamarekani mia tano unazo."

Basi. Hakuinua uso, wala hakupandisha sauti. Dani akauliza kama maji ya kunywa yapo ndani, mjomba akamwonyesha mtungi, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Nimelirudia swali hilo kwa kila namna. Nimelisikiliza kwa sauti ya hasira, halikai, mjomba hana hasira na mimi. Nimelisikiliza kwa sauti ya utani, nalo halikai. Kinachonikaba zaidi ni neno moja. Mjomba siku zote humwita mama "marehemu dada". Tangu tumzike, mwaka wa tisa huu, sijawahi kumsikia akimtaja vingine. Jumapili alisema "mama yako". Akanikabidhi, kana kwamba kujua ilikuwa kazi yangu.

Na ninyi mnaonisoma tangu kipindi kile mnajua nilivyokaa naye miaka miwili ya mwisho. Najua kidonge cha asubuhi kilikuwa cheupe na cha jioni cha njano, na kwamba cha njano hakimezi bila uji. Najua viatu vyake ni namba 38 lakini mguu wa kulia ulikuwa ukivimba. Najua upande aliopenda kulalia. Ningeamshwa saa tisa usiku ningeyataja yote haya. Wimbo aliokuwa anaupenda sikuujua. Sikuwahi kumwuliza, na miaka miwili ilikuwa na jioni nyingi sana ambazo tulikaa kimya tunasikiliza mvua.

Jumanne nilikaa ofisini hadi saa moja usiku nikipanga matokeo ya mtihani wa mwaka wa kidato cha tatu. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa taaluma: alama zinaingia, wastani unatoka, kompyuta inawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mia na arobaini na mbili. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwanzoni mwa 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini mzazi akija getini swali ni lile lile, amekuwa wa ngapi? Namwelewa. Namba unaweza kuibeba mpaka nyumbani.

Kuna msichana mmoja ambaye kila muhula yuko kati ya sitini na sabini. Kila mtihani sitini na kitu. Ndiye anayewaeleza wenzake hesabu nyuma ya bweni jioni, kwa chaki na kipande cha bati, nimemwona kwa macho yangu. Hakuna safu ya jambo hilo kwenye karatasi yangu. Nikaifikiria ile orodha. Watu mia mbili hamsini mara nyimbo hamsini ni nafasi elfu kumi na mbili na mia tano. Nyimbo zilizotajwa zilikaribia 4,000. Zikachapwa 500. Kwa hiyo karibu nyimbo 3,500 zilikuwa na mtu aliyeketi, akafikiria maisha yake, akaziandika miongoni mwa hamsini zake, na zikaishia hapo. Na hizo ni za walioulizwa. Fela Kuti wa Nigeria yumo. Nilitafuta wimbo wa Kiswahili, sikuuona hata mmoja.

Na ungeingiaje? Miaka ile bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikakaa kwenye kanda za redio. Mbaraka Mwinshehe sahani zake alikwenda kurekodi Nairobi. Hapakuwa na mtu wa kuhesabu zimeuzwa ngapi, kwa sababu nyingi hazikuuzwa popote, zilipigwa hewani na watu wakazisikia wakiwa wanamenya viazi. Mtu wa mbali akitaka kuzipima hana pa kuanzia.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Dani orodha yake haina maana. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akaondoa kisikilizio sikioni.

"Mama, bila hiyo orodha mimi Sam Cooke ningemjulia wapi?"

Akanisikilizisha. Ni ule wa tatu, "A Change Is Gonna Come". Nilisimama na sufuria mkononi mpaka ukaisha. Huyo Sam Cooke alipigwa risasi akafa Desemba 1964, na santuri ndogo ya wimbo huo ikatoka siku chache baada ya yeye kuzikwa. Hakuona watu walivyoubeba. Nilimwomba Dani radhi, na nasema hapa pia, sikubaliani na wanaosema orodha hizi ni upuuzi. Mtoto wa Iringa aliyezaliwa miaka arobaini na zaidi baada ya kifo cha mtu huyo ameketi jikoni kwangu anamlilia. Orodha imemleta. Ila haikunipunguzia lile swali.

Jumatano nikampigia mamdogo kule Makambako. Sikutaka kuzunguka. Baada ya shikamoo na habari za kichanga cha Neema nikamwuliza, mama alipenda wimbo gani kuliko zote?

Mamdogo alicheka mpaka akakohoa. "Wewe! Na kadi zake zile?"

Kadi gani?

Kadi za salamu za redioni. Baba alikuwa anaendesha lori, Dar hadi Tunduma, wiki mbili haonekani. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa bibi kule Kalenga, ndiyo maana siyajui haya. Mama alikuwa akinunua kadi dukani pale Miyomboni, anazijaza usiku kwa rula, majina ya anaowasalimu yamenyooka kama daftari la shule, na mwisho anaomba wimbo. Pesa ya kadi alikuwa anaitoa kwenye ya mkaa. Na wimbo, anasema mamdogo, ulikuwa huo huo mmoja, kadi zote, "Masafa Marefu" wa Tancut Almasi.

Kwa mgeni wa mji huu: Tancut ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, hapa hapa Iringa, miaka ya themanini. Almasi zilichimbwa Mwadui, zikaja kusuguliwa kwetu kwenye baridi, na kiwanda kikawa na bendi iliyotikisa nchi nzima. Waimbaji wake waliotamba walikuwa pacha wawili, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mama alikuwa akiwapa kura yake kwa pesa ya mkaa.

"Na ilisomwa?" nikauliza.

"Mara moja. Wewe, mtaa mzima ulisikia! Jina lake, jina la baba yako, na wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Mama Tuli alikimbia mpaka shambani kumwambia. Yeye hakuisikia, alikuwa anapalilia."

Kisha mamdogo akaimba, kwenye simu, kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Hakuwa amefika mstari wa pili nikakaa chini sakafuni. Naujua. Naujua kabisa. Ndio aliokuwa akiutoa puani, bila maneno, akiinua sufuria ya maji kutoka jikoni, anaukatiza pale anapoitua na kuuendeleza akishapumua. Miaka yote nilidhani ni sauti ya uzito tu. Hata ule mwezi wa mwisho, nikimgeuza ubavu, alikuwa akiutoa. Niliusikia mara ngapi! Nilikuwa nao, jina tu ndilo sikuwa nalo.

Sijafurahi hivi siku nyingi. Dani aliutafuta kwenye simu akaupata, tukaupiga mara nne, ya nne tukacheza, mimi na mwanangu na kitenge changu cha jikoni. Gitaa la kwanza linaingia peke yake na mtu unajua tayari uko nyumbani. Nilitaka kumwandikia kila mtu. Nikawaza, namba moja, hatimaye, imepatikana, na sikuhitaji watu mia mbili na hamsini.

Jana jioni tukampelekea mjomba. Maharage alikuwa ameyaanika uani kwenye mkeka. Sikusema neno, nilimwekea simu gotini ikaanza. Aliinamisha kichwa upande. Miguu ilianza kabla yake.

"Tancut hao," akasema. "Pacha."

"Ndio wa mama?"

"Ulikuwa wake."

"Ulikuwa?"

"Wakati baba yenu yuko barabarani. Alipoacha gari akarudi nyumbani, marehemu dada akawa na mwingine."

"Upi, mjomba?"

Mvua ikashuka. Hakuna manyunyu siku hizi, inakuja yote pamoja. Tulikimbia wote watatu tukakunja mkeka na maharage yake, mengine yakamwagika kwenye tope, mjomba akachuchumaa kuyaokota moja moja huku shati limemgandia mgongoni, hakukubali tumwachie kuku. Tulipoingia ndani umeme ulikuwa umekatika. Nikauliza tena. Alikuwa anafuta punje kwa kitambaa, gizani, kwa vidole.

"Njoo Jumapili," akasema, "nitakuambia."

Mamdogo nimempigia leo asubuhi. Anasema hakuna mwingine, kaka anachanganya, dada alikuwa na mmoja tu mpaka anakufa. Alikuwa mkali kidogo. Mjomba ndiye aliyekaa naye jirani miaka ile, mamdogo ndiye aliyekuwa akimpelekea kadi posta. Wamebaki wawili tu, nao hawakubaliani. Na kuna ule mwezi wa mwisho, alipokuwa anautoa ule ule wa Tancut, na hapo shahidi ni mimi peke yangu. Nitamwambia mjomba hilo Jumapili, kwanza nimsikilize.

Matokeo ya kidato cha tatu nimeyabandika. Yule msichana ni wa sitini na nne.

Sasa kuna tetea wangu mwekundu. Tangu jana anazungusha shingo, kichwa kinakwenda mgongoni kana kwamba anatafuta kitu angani, na leo kinyesi chake ni cha kijani. Jirani amechungulia akasema kideri hicho. Wengine kumi na mmoja wamelala naye banda moja usiku kucha, na chanjo ya matone nilipaswa kuirudia tangu mwezi wa tisa. Nimemtenga chini ya tenga, stoo. Duka la dawa za mifugo linafunguliwa saa mbili kesho, na kutoka hapa nasikia kama kuna mwingine bandani anayekoroma.