Glasi ya tatu
Juzi usiku shangazi aliniletea kichupa cha vidonge vyake vya pumu vilivyoandikwa 30C. Ni vya homiopathi, tiba ambayo dawa huzimuliwa tena na tena. "Mwanangu, humu kuna dawa gani?" Mimi nafundisha kemia, nikaona bora nimwonyeshe. Tone 1 la pamanganeti, kemikali ya zambarau iliyokolea, ndani ya matone 99 ya maji. Nikakoroga, nikachota tone 1, nikatia glasi nyingine yenye matone 99 ya maji. Ya pili ikawa waridi hafifu. Ya tatu, maji meupe! Na vile vidonge ni hatua 30 kama hizo, ndiyo maana ya 30C. Ukifika ya 12 tu, kupata hata molekuli moja ni bahati.

Nikamsimulia habari ya Jacques Benveniste, mwanasayansi wa Ufaransa. Mwaka 1988 alichapisha katika jarida la sayansi la Nature kwamba maji ya namna hiyo bado yanaamsha seli nyeupe za damu. Wakaguzi wa jarida hilo wakaenda maabara kwake. Orodha ya siri ya sampuli ikafungwa kwa karatasi ya aluminiamu, ikabandikwa darini. Walipopima bila kujua ipi ni ipi, athari ikatoweka.

Shangazi aliigeuzageuza glasi ya tatu kwenye mwanga, kimya. Roho iliniuma, maana alilipa pesa zake za vitumbua. Leo asubuhi nimempeleka kliniki, ile pumu ipimwe.