Mgonjwa mwenye mrija kooni ana la kusema

Mrija wa mashine ya kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, na kijiputo kilicho karibu na ncha yake hujazwa hewa ili kuziba pembeni. Pumzi haizigusi tena nyuzi hizo, kwa hiyo hata mgonjwa aliye macho kabisa hatoi mguno. Masikio mara nyingi ni mazima. Kumpigia kelele ni kumtisha bure.

Kabla ya swali la kwanza, mvalishe miwani yake kama anayo, inua kichwa cha kitanda digrii 30 hadi 45 ikiwa hali inaruhusu, kisha kaa anapokuona bila kugeuza shingo. Halafu mkubaliane ishara. Kupepesa mara moja au mbili huchanganya, kwani kila mtu hupepesa bila kukusudia. Afadhali kufumba macho kwa nguvu iwe "ndiyo", kutazama juu iwe "hapana". Zijaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayajua: jina lake, kama taa inawaka. Subiri sekunde 10 hivi. Dawa za usingizi huchelewesha jibu, na nesi mwenye haraka huishia kujijibu mwenyewe.

Mtego mkubwa ni swali la kukanusha. "Huumwi?" Akifumba macho, anakubali kwamba haumwi, au anasema anaumwa? Uliza "Unaumwa?" basi. Na "Unaumwa au una kiu?" halina jibu la macho.

Kwa asiyeweza kushika kalamu, chora ubao wa herufi wenye safu tano, kila safu ikianza na irabu: A hadi D, E hadi H, I hadi N, O hadi T, U hadi Z. Taja safu, anafumba. Taja herufi, anafumba. Mkifika M-A, unaweza kubahatisha. "Maji?" Anatazama juu. "Maumivu?" Juu tena. "Mama?" Anafumba.

Anayeweza kuandika mpe kalamu nene isiyohitaji kukandamizwa, na kitu kigumu chini ya karatasi. Mkono wa kuandikia usitiwe kanula, kile kijirija cha dripu kinachoingizwa kwenye mshipa, kama pana pengine. Hili hukumbukwa plasta ikishabandikwa.

Ishara mlizokubaliana ziandikwe kwa herufi kubwa juu ya kitanda. Nesi wa zamu ya usiku akija na zake, mgonjwa huchoka, huacha kujibu, na asubuhi faili linasomeka: "Hatoi ushirikiano."