Siku moja maishani mwangu: fundi wa rili za kuvulia, Majengo Dodoma

Saa mbili asubuhi nafungua banda hapa karibu na soko la Majengo, upepo ushaanza kumwaga vumbi kama kawaida yake, kwa hiyo kabla ya kitu chochote natandika kitambaa cheupe mezani, maana beringi ya rili ikidondokea kwenye huu udongo wetu isahau tu. Kazi yangu hasa ni vyerehani ila tangu watumishi wahamie huku wakaanza kwenda Hombolo na Mtera wikiendi na fimbo zao, rili, vile vigurudumu vya kukunjia uzi kwenye fimbo, haziishi mezani.

Saa tatu kaingia mzee mmoja mstaafu. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, hii kitu inarudi nyuma." Nashika mkono nazungusha, kweli inaenda pande zote mbili, swichi ya kuzuia ukiiweka ni kama hujaweka kitu. Hapo hata sijafungua nishajua. Chini ya rota, kile kichwa kinachozunguka kukunja uzi, kuna beringi ya njia moja, ndani yake vijiroli vidogo vya chuma ambavyo ukirudisha nyuma vinakaba, sasa vikiogelea kwenye grisi vitakaba nini, vinateleza tu. Namuuliza nani kaihudumia, anasema "kijana wangu, aliangalia video." Nafungua kumbe grisi imejaa mpaka kwenye pembe za bodi hahaha.

Mpaka saa tano niko na hiyo tu. Kila hatua napiga picha na simu, na nati ya rota naijaribu taratibu kwanza, kuna rili zinafunguka kinyume na ukilazimisha umeua mkato wake. Beringi nimeiosha na spiriti ya duka la dawa, nikaiacha ikauke kabisa, nikatia tone moja la oili ya cherehani, basi. Grisi inakaa kwenye gia kubwa na pinioni, ile gia ndogo, tena napaka kidogo na mswaki wa zamani.

Saa saba ugali na mlenda kwa mama ntilie.

Saa nane dada mmoja wa Nkuhungu, uzi wake unajisokota na kufunga mafundo kila akirusha. Kiroli cha kupitishia uzi kimeganda kwa tope, hakizunguki, na bobini ya kubebea uzi kajaza hadi mdomoni. Nimemsafishia kiroli, nikapunguza uzi ubaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo, nikamwambia dada ukisharusha, ule mkono wa waya unaokamata uzi funga kwa kidole, usizungushe rili ndo ujifunge. Na kama unaweka uzi wa kusuka tanguliza nailoni kidogo chini, la sivyo unateleza wote kwenye bobini unadhani breki imekufa.

Saa kumi breki ya rili ya dereva mmoja, anaikaza akitoka bwawani anaihifadhi hivyohivyo mwezi mzima, washa zake, vile visahani vya breki, zimelala zimegandana. Nikabadilisha, nikaenda kupima kwenye mzani wa kuning'iniza wa muuza nyama jirani: uzi wake wa kuhimili kilo 4, breki iachie kwenye kilo 1 hivi.

Saa kumi na moja mzee karudi, kazungusha, haikurudi nyuma hata nukta. Anataka kwenda kuiosha kwa presha pale wanapooshea magari, nikamwambia hapana mzee, presha inasukuma mchanga ndani, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Nikataja elfu kumi na tano akashusha hadi kumi, nikakubali kwa sharti ile grisi iliyobaki kijana apake bawaba za geti.