Paka wa boksi: mkia umekaa, masikio yamekaa, macho bado kidogo

Kwa asiyeujua mradi: natengeneza paka wa boksi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ambaye mkia, masikio na macho yake yanabadilishwa mkao. Kazi yake ni kuwafundisha watoto wa mtaani kwetu hapa Chake Chake, Pemba, wamsome paka kabla ya kumnyooshea mkono. Ulianza kwa sababu kila mara pale barazani alikuwepo mtoto analia, mkono umeparurwa, na mkubwa yuko pembeni anasema, "Paka huyu mbaya." Mimi huwa nimeyatazama yale tangu mwanzo. Paka anakuwa ameshasema mara tatu nne kwamba hataki. Amesema kwa mkia, amesema kwa masikio, hakusikilizwa, akamalizia kwa makucha.

Mkia

Huu umekwisha. Ndani ni waya wa kufungia nondo, umekunjwa mara mbili na kusokotwa kwa koleo. Waya mmoja peke yake haufai, unachoka pale shinani na mkia unalala. Juu nimeuzungushia uzi wa kufumia mweusi, maana mfano wetu ni Kaniki, paka wa nyumbani, ambaye jina lake linaeleza rangi yake.

Mkao wa kwanza ni mkia wima, ncha imejipinda kidogo. Hiyo ni salamu. Vitoto vya paka humwendea mama yao hivyo, na wakishakua wanawafanyia watu waliowazoea. Mkao wa pili hauwezi kuganda, lazima uutikise kwa mkono: mkia unapigwa huku na huku kwa nguvu. Maana yake basi, umenichosha. Vitabu vya watoto hutumia kurasa nzima kueleza kwamba mkia wa paka si kama wa mbwa. Huku kwetu nyumba zinazofuga mbwa ni chache, kwa hiyo hilo sikulipotezea wino.

Mkao wa tatu ndio uliozua mjadala: mkia umevimba, manyoya yote yamesimama, mgongo umetunishwa. Watoto wote walisema, "Ana hasira." Nikawaambia ana hofu.

"Sasa mbona anatisha, ami?"

"Anataka umuone mkubwa, umwache. Angekuwa na pa kukimbilia angeshakimbia."

Mtoto aliyeuliza akatoka kwenda kumtazama Kaniki uani, Kaniki amelala hana habari, akarudi akasema paka wangu ni mvivu. Si mvivu. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na nguvu anaziweka kwa magharibi na alfajiri, ndiyo nyakati za kuwinda. Ndiyo maana anakuamsha kabla ya adhana.

Masikio

Kila sikio nimelishonea kwa kifungo chake cha shati, uzi umepita katikati na kufungwa nyuma ya boksi. Linazunguka na linabaki pale ulipoliacha. Mafundi wawili wa mtaani walinishauri niyaunganishe kwa kipande kimoja ili yaende pamoja, ingekuwa rahisi zaidi. Nilikataa, kwa sababu paka halisi hayaendeshi pamoja. Sikio la paka lina misuli kama 30 na kila moja hugeuka peke yake. Ukimtazama Kaniki anapolala kwenye jamvi, sikio moja liko kwetu na la pili limeelekea jikoni, samaki wanaparwa magamba huko.

Masikio mbele: yuko tayari kujua una nini. Yameanza kulala ubavuni: hapendi kitu fulani, pengine sauti. Yamebanwa nyuma hadi kichwa kinaonekana cha mviringo: mkono wako uondoe sasa hivi. Anayabana hivyo ili yasichanwe ikiwa patakuwa na ugomvi.

Hapo mchezo ukajizalisha wenyewe, na nakiri sikuupanga mimi. Alhamisi jioni chuo cha Kurani hakisomwi, watoto wakajaa barazani, mmoja anapanga mkia na masikio huku amewapa wenzake mgongo, kisha anageuza boksi. Wengine wanajibu neno moja tu: "Mguse!" au "Mwache!" Nimeufanya kuwa utaratibu rasmi. Awali nilikuwa na orodha ya furaha, kiburi, wivu na kununa, na watoto walibishana bila mwisho kama paka ana kiburi au hana. Hakuna anayeweza kumaliza ubishi huo, na wala haumsaidii mtoto wa miaka mitano aliyekwisha nyoosha mkono. Mguse au mwache, inatosha.

Na hata jibu likiwa "mguse", tuna adabu yake. Unachuchumaa, unatoa kidole kimoja usawa wa pua ya paka, unangoja. Akija akakusugua kwa shavu, amekubali. Pale shavuni ana vitezi vya harufu, anakupaka harufu yake ili akutambue. Asipokuja, hakukubali, na mchezo umekwisha.

Macho

Nyuma ya matundu mawili ya macho kuna ukanda wa karatasi unaovutwa, umechorwa mboni za aina tatu: nyembamba kama mstari, ya wastani, na pana iliyojaa jicho zima. Unakwama. Gundi imeingia kwenye njia yake, nitabadilisha nitumie uzi.

Kumfundisha mtoto macho ni kazi kuliko mkia, kwa sababu mboni inasema mambo mawili kwa pamoja. Jua la saa saba mchana linaibana ikawa mstari. Giza linaipanua. Lakini pia hofu inaipanua, na mchezo unaipanua. Kwa hiyo kanuni yetu ni kutazama jua kwanza: mchana kweupe na mboni pana, mwache.

Nimeongeza kope za kitambaa zinazoshuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 utafiti unaoonyesha kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye huelekea kumfumbia, na huwa mwepesi zaidi kumsogelea mtu huyo. Watoto wameipenda mno. Shida ni kwamba hawawezi kufanya polepole. Wanapepesa kama walioingiwa na vumbi.

Tumbo

Hapa nimekaa sana. Watu wazima walituambia methali, "Paka hakubali kulala chali," na watoto wakapinga papo hapo: Kaniki hulala chali ukumbini kila mchana. Kweli hulala. Anayefanya hivyo anajiona salama, maana tumbo ndilo pake dhaifu. Lakini kuonyesha tumbo si kuomba kukunwa. Ukiligusa, miguu minne yote iko juu na makucha yako tayari. Kwa paka wa boksi nimebandika tumbo kitambaa chekundu, na chekundu ni "mwache" bila kujali mkia unasema nini.

Methali yenyewe inakaa vizuri zaidi kwenye kuanguka. Paka akianguka hugeuza kwanza nusu ya mbele, kisha ya nyuma, akafikia miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey aliupiga picha mfululizo mgeuko huo mwaka 1894. Nimechora mfululizo wangu kwenye kadi tano, makusudi, ili pasiwe na mtoto wa kwenda kujaribu na paka wa jirani juu ya ukuta.

Maswali yaliyobaki kapuni

Kukoroma, ile sauti ya kunguruma kooni paka akiwa macho, sikukuweka kwenye boksi. Watoto walitaka iwe "akikoroma, mguse". Haiwezi: paka hukoroma akistarehe, na pia akiumwa au akizaa.

Halua. Mtoto mmoja alileta kipande cha halua ya Wete, Kaniki akanusa akaondoka, mtoto akahuzunika. Paka hana ladha ya tamu. Jeni ya kipokezi cha utamu kwake imeharibika, hilo lilielezwa na watafiti mwaka 2005. Halua tukaila sisi.

Dawa: hili nawaambia wazazi kuliko watoto. Ini la paka linashindwa kuvunja baadhi ya vitu ambavyo sisi tunavimudu. Panadol inamuua. Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ambayo huku hayakosi nyumbani, usimpake kidondani wala kwa viroboto.

Mwalimu wa chuo alipopita aliwakumbusha hadithi aliyoipokea Abu Qatada, kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Ni kweli, ndiyo maana huku anaingia nyumba yoyote, na paka wa nyumba hafukuzwi. Lakini aliyezaliwa sokoni, bila kuguswa na mkono wa mtu kati ya wiki ya pili na ya saba ya umri wake, hukua akiuogopa mkono. Kwa huyo jibu ni "mwache" hata mkia ukiwa wima. Akimng'ata mtoto au kumparura, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali, kwa ajili ya kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata.

Kilichobaki: ukanda wa macho, na manyoya ya mkia yasimame yenyewe ukivuta uzi. Nimejaribu katani na kumbi la nazi. Katani inasimama lakini hairudi chini. Mwenye wazo jingine la bei ya mfukoni anipe.